Kicheko Uani kwa Muisa: Ucheshi wa Utendi wa Mwindo na Wasomaji Vijana wa Kivu

Walimu wa lugha wa Bukavu wakikutana kuzungumzia vitabu vya kusoma, haupiti muda kabla mmoja hajasema kwamba simulizi za mashujaa wetu ni hazina, ila lazima zisafishwe kabla ya kuwafikia wanafunzi. Ukiuliza kinachosafishwa, utatajiwa mkojo, mavi, majigambo na dhihaka kwa wakubwa. Vinavyobaki ni ujasiri, utii na msamaha. Kauli hiyo hutolewa kwa nia njema, na mara nyingi hutolewa na watu ambao wenyewe, jioni nyumbani, husimulia hadithi hizohizo huku wakifuta machozi ya kucheka. Imepata nguvu zaidi kwa sababu ya sheria. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa inazipa lugha za kitaifa na lugha za mazingira ya mtoto nafasi ya kufundishia katika miaka ya mwanzo, na lugha ikishapewa nafasi hiyo hudai vitabu. Atakayesimulia, na sauti atakayosimulia nayo, ni jambo linalowahusu hata wasiosoma riwaya.

Ninaikataa kauli hiyo kwa kutumia andiko moja, Utendi wa Mwindo. Dai langu la kwanza ni kwamba katika utendi huo kicheko ndicho kinachobeba hoja ya kisiasa. Anayekiondoa hapati utendi uleule ukiwa umeoshwa. Anapata utendi mwingine, wenye msimamo ulio kinyume. Dai la pili nadhani lina manufaa zaidi kwa mwandishi wa vijana: kicheko hicho kinajua kinaelekea wapi. Hakimwagiwi kila mtu.

Andiko na jirani zake

Mwindo ni shujaa wa Wanyanga wa Walikale. Masimulizi ninayoyafuata ni ya Candi Rureke, aliyeyaimba, kuyacheza na kuyaigiza mwaka 1956 mbele ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga aliyeshiriki kuyaandika na kuyafasiri. Yalichapishwa mwaka 1969 na University of California Press, Kinyanga pamoja na Kiingereza. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu cha pili, *Hero and Chief*, chenye masimulizi mengine ya Kinyanga ya aina hiyo. Wakati wa kazi ile ya mwaka 1956 Biebuyck alikuwa mtafiti wa IRSAC, taasisi ya utafiti ambayo makao yake yalikuwa Lwiro, huko Kabare, njia ya Katana. Walikale na Bukavu zilikuwa jimbo moja, Kivu, hadi mgawanyo wa mwaka 1988. Hata hivyo kijana wa Kadutu, hapa Bukavu, leo ataupata Mwindo wa Rureke kwa Kiingereza cha California kwa urahisi kuliko kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, na katika vitabu vya darasani sijawahi kumkuta Mwindo kabisa.

Kwa asiyeufahamu, kiini ni hiki. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, anawapiga marufuku wake zake saba kuzaa mtoto wa kiume. Mke kipenzi anapata mimba isiyokwisha, na mtoto aliye tumboni anamletea mama kuni na maji mlangoni. Mwishowe anajichagulia njia yake ya kutoka, kupitia kidole cha mama, na anazaliwa akicheka, akisema na kutembea, usinga wake, *conga*, ukiwa mkononi. Baba anamrushia mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anaokoka, anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, anarudi kupigana, na baba anakimbilia kuzimu. Mwindo anamfuata, anamrudisha, wanapatana. Baadaye anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, yaani Radi, naye anapandishwa mbinguni kuadhibiwa kwa baridi, mvua na jua kabla ya kurudi kutawala.

Ona kwamba anazaliwa akicheka. Rureke hakulificha jambo hilo pembeni; ni miongoni mwa sifa za kwanza anazompa shujaa wake.

Heshima iliyozima kicheko

Kuhusu ukuu wa andiko hili hakuna anayebishana tena, nami sitapoteza kurasa kulithibitisha. Ninachobisha ni namna ukuu huo ulivyotetewa. Mwaka 1970, Ruth Finnegan, katika *Oral Literature in Africa*, aliandika kwa mashaka makubwa juu ya kuwepo kwa utendi barani Afrika. Majibu yalikuja kwa wingi: Isidore Okpewho alitoa *The Epic in Africa* mwaka 1979, na John William Johnson akafuata mwaka 1980 na makala ambayo jina lake tu lilikuwa kejeli kwa waliotilia shaka. Walishinda, na walistahili kushinda. Lakini ushindi ule ulikuwa na gharama yake. Ili Mwindo akubaliwe kuketi na Achilles na Roland, ilibidi avalishwe uzito wao. Mjadala ulihusu urefu, muundo, nasaba, miujiza na safari ya kuzimu. Okpewho mwenyewe alikuwa na sikio zuri kwa mchezo wa msimulizi mbele ya hadhira, na lawama yangu haimwangukii yeye. Inawaangukia waliomfuata, hasa waandishi wa miongozo ya shule, ambao walichukua cheti cha ukuu wakaacha mchezo.

Ajabu ni kwamba kipimo kilichotumika chenyewe hakikuwa na uzito kiasi hicho. Masimulizi ya mashujaa wapanda farasi wa Ulaya ya Zama za Kati, ambayo kizazi changu kilikutana nayo katika vitabu vya Kifaransa, yamejaa vichekesho tangu mwanzo. Chrétien de Troyes, mwishoni mwa karne ya 12, anamleta Perceval akiwa kijana wa porini asiyejua kitu: anawaona wapanda farasi wenye mavazi ya chuma akadhani ni malaika, kisha anawachosha kwa maswali kuhusu mkuki na ngao ilhali wao wana haraka. Lancelot wake yeye anapigana akiwa amegeuza uso kuelekea mnara aliko malkia, na adui yuko nyuma yake. Chrétien alijua wasikilizaji wake watacheka, na hakuona kwamba Lancelot amepungukiwa.

Uzito ulikuja baadaye, karne ya 19, wakati hadithi za Arthur zilipopewa wavulana kama somo la tabia. Sidney Lanier alitoa *The Boy's King Arthur* mwaka 1880, maandishi ya Malory kuhusu Arthur yakiwa yamepunguzwa na kupigwa pasi. Hapo ndipo njia mbili za kurudisha kicheko zilipoachana. Mark Twain, mwaka 1889, alimpeleka Mmarekani wa viwandani kwenye baraza la Arthur, na utani wote ukatoka nje: wapanda farasi wanachekesha kwa sababu ni watu wa kale. T. H. White, katika *The Sword in the Stone* ya mwaka 1938, aliingia ndani. Mfalme Pellinore anamfukuza mnyama wake wa ajabu miaka nenda rudi, anachekesha, na bado tunampenda; desturi anayoifuata ndiyo inayozaa kicheko na ndiyo inayozaa huruma.

Njia ya Twain inavutia, na nimeona vijana wetu wakiijaribu: Mwindo mwenye simu ya mkononi, Mwindo mchezaji wa mpira. Siwalaumu. Ila mtoto wa Kivu tayari amekwisha kuambiwa, na shule, na kanisa, na hata jamaa zake wa mjini, kwamba mambo ya wazee wa porini ni ujinga. Utani unaotoka nje unamthibitishia alichoambiwa. Kwa Mmarekani wa 1889 kumcheka Arthur kulikuwa kumcheka bwana wa zamani wa ng'ambo. Kwa kijana wa Bagira kumcheka Mwindo kwa sababu hana simu ni kumcheka babu yake.

Kinachotokea kwa Muisa

Sehemu ambayo wasafishaji huifuta kwanza ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa utendi. Mwindo ameshuka kuzimu kumtafuta baba. Kwenye lango la kijiji cha Muisa anamkuta Kahindo, binti wa Muisa, mwili wake umejaa buba. Mwindo anamwosha vidonda. Kahindo anamlipa kwa kumfundisha. Ukifika barazani, anamwambia, utamwona mtu mkubwa amejikunja majivuni karibu na meko. Huyo ni baba yangu. Akikukaribisha kiti, kataa. Akikupa pombe ya ndizi, kataa. Akikupa ugali, kataa. Na kila kukataa kuna jibu lake.

Mwindo anafuata. Muisa anamsalimu, naye anaitikia kwa adabu, anamwita baba. Kiti kinapoletwa anasema hawezi kukalia kichwa cha baba yake. Pombe inapoletwa anasema mtoto hanywi mkojo wa baba yake. Chakula nacho anakitaja kwa jina la kile kinachotoka mwilini baada ya chakula, na neno baba bado limo.

Tazama namna kichekesho hiki kilivyoundwa. Mwenyeji anataka kumuua mgeni kwa kutumia ukarimu. Mgeni anajua, na anamwambia hivyo usoni, bila kuvunja hata kanuni moja ya adabu. Muisa hana pa kukasirikia, kwa kuwa ameheshimiwa mara tatu. Kisha kuna jambo ambalo msikilizaji wa Rureke hakuhitaji kuelezwa: anayetamka neno baba ni mtoto aliyezikwa na baba yake akiwa hai. Kila linapotoka mdomoni mwake linamgusa Muisa aliye mbele na Shemwindo aliyejificha. Ukiondoa mkojo ukabakiza kukataa kwa heshima, unabaki na mtoto mwenye adabu asiye na kiu.

Yanayofuata ni ya mwili mtupu. Kama sharti la kumpata baba, Muisa anamtaka Mwindo amlimie shamba jipya la migomba. Zana za Mwindo zinafanya kazi zenyewe; shamba linafyekwa, linapandwa na kuzaa siku hiyohiyo. Muisa anapopewa habari, anautuma mshipi wake, *karemba*, ukampige. Mshipi unamkunja Mwindo na kumbamiza mdomo chini. Povu linamtoka, na haja zote mbili zinamtoka. Kumbuka kwamba kabla ya vita vya Tubondo wajomba zake, Popo wafua chuma, walikuwa wamemvisha chuma tangu kichwani hadi miguuni, viatu, suruali, shati na kofia. Yule mpanda farasi wa Ulaya anayeanguka na mavazi yake ya chuma akashindwa kuinuka angemtambua ndugu yake hapa. Usinga unanyanyuka wenyewe, unampungia, anapiga chafya na kuzinduka. Ndipo naye anautuma usinga kwa Muisa, na Muisa, bwana wa kuzimu, anabamizwa chini vilevile, anajisaidia vilevile, na kuachwa hivyo hadi Mwindo arudi na kumfufua.

Huko juu shangazi Iyangura ameshika ncha ya kamba ambayo mpwa wake alimwachia aondokapo. Kamba ikitikisika, yu hai. Mwindo anapopigwa, kamba inatulia. Akizinduka, anampasha shangazi habari kwa kamba hiyo, kama kijana aliyepiga simu nyumbani kusema bado hajafa, msilie. Nawajua akina mama wa Panzi na Nyawera ambao wangeielewa kamba hiyo bila tanbihi.

Niliwahi kuisoma sehemu hii kwa Kiswahili mbele ya wanafunzi wa sekondari, huku prefe wa masomo ameketi nyuma kwa wasiwasi. Nilitarajia, kama yeye alivyohofu, kwamba mavi yangewachekesha kuliko yote. Hayakufanya hivyo. Walicheka kidogo Mwindo alipoanguka, walicheka zaidi Muisa alipoanguka kwa namna ileile, na darasa liliinuka kabisa pale Mwindo, amekwisha kujisifu tena, alipobamizwa mara ya pili katika kazi ya kurina asali. Darasa moja si utafiti. Lakini lilinilazimisha kuuliza kicheko kile kilitoka wapi, na jibu ninaloliona limo katika mrudio. Rureke ana lugha moja tu ya aibu, naye anaitumia kwa shujaa na kwa mungu. Mwenye nguvu yeyote, akijigamba, atakutwa chini mdomo umejaa udongo. Ni nadharia ya utawala, imesimuliwa kwa namna ambayo mtoto wa miaka 12 anaishika kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Nadharia hiyo ndiyo inayoueleza mwisho, ambao wahakiki wengine huuona kama kiraka. Mwindo aliyewashinda wote anapandishwa mbinguni na Nkuba na kuteswa mwaka mzima, kisha anakatazwa kuua wanyama. Kwa msomaji wa toleo lililosafishwa adhabu hii inatoka hewani: shujaa hakukosea mahali. Aliyecheka uani kwa Muisa anajua kwamba ilikuwa njiani tangu majigambo ya kwanza.

Wanaochekwa na wasiochekwa

Mwindo anaporudi kutoka mbinguni anawatangazia watu wake kanuni za maisha: walime vyakula vya kila aina, waishi katika nyumba nzuri, wasigombane, wasitamani wake za watu, wamkubali mtemi na kumwogopa, naye mtemi awaogope wao. Katikati ya hayo ipo amri ambayo sijaona ikipewa uzito unaostahili: wasimdhihaki mlemavu apitaye kijijini.

Utendi uliotuchekesha kwa kumwangusha mtemi, shujaa na mungu unafunga kwa kupiga marufuku aina moja ya kicheko. Na haukungoja mwisho ili kuitii. Kahindo na buba yake angeweza kuwa kichekesho rahisi kuliko vyote. Rureke anamfanya kuwa mwalimu wa shujaa, na shujaa anagusa vidonda vyake kwa mikono. Tofauti na ucheshi mwingi wa redio na majukwaa ya hapa mjini haihitaji kuelezwa sana: huko anayechekwa ni mshamba mwenye lafudhi, Mtwa, kiwete, mama muuza ndizi. Mwandishi atakayemsimulia Mwindo upya ataingia katika kishawishi hicho, maana Watwa wamo katika utendi wakiwa wawindaji wa Mwindo, na utani dhidi yao uko tayari mdomoni mwa kila mtu. Akiuingiza atakuwa ameivunja kanuni ya kitabu anachokisimulia. Wasafishaji wetu, cha kusikitisha, huwa hawausafishi utani huo. Hauna mkojo ndani yake.

Pingamizi

Pingamizi zito ni la vita. Watoto wa mji huu, hasa baada ya vita kuufikia Februari 2025, hawahitaji mtu wa kuwaeleza silaha ni nini. Kwa nini tuwape shujaa anayeita radi iiteketeze Tubondo? Nalichukulia kwa uzito. Kwa watoto wadogo sana ningeufupisha moto wa Tubondo. Lakini simulizi lenyewe halimwachii kamanda utukufu. Wajomba waliokufa wanafufuliwa, watu wa Tubondo wanafufuliwa, Muisa anafufuliwa, na baba aliyetafutwa hadi kuzimu anarudishwa barazani, si kuchinjwa. Vita vinavyoishia kwa maiti kuinuka na viti kugawanywa si vile ambavyo watoto wetu wameviona, na kicheko kina sehemu yake katika tofauti hiyo: ni vigumu kumwabudu mtu uliyemwona amejinyea.

La heshima kwa wazazi naliona jepesi. Shemwindo ndiye aliyetoa amri ya kuua, na mwishoni ndiye anayesimama mbele ya baraza na kukiri ubaya wake. Toleo linaloficha dhihaka dhidi yake linamnyima cha kukiri, na hivyo linamnyima hata ile heshima anayoirudisha kwa mdomo wake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba ucheshi huu ni tabia ya Wanyanga peke yao. Pwani inajibu. Liyongo, katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, anatoka gerezani kwa sababu walinzi wanakula vyakula vizuri anavyoletewa na mama yake na kuuacha mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Ulafi wa askari unamfungua shujaa. Hata hapo anayechekwa ana funguo mkononi.

Namna ya kuandika

Matoleo ya vijana yapo. Aaron Shepard alitoa *The Magic Flyswatter* mwaka 2008 kwa wasomaji wa Kiingereza, na jina dogo la kitabu linamtangaza Mwindo kuwa shujaa wa aina ya wale wa katuni na sinema za Marekani. Kwa mtoto wa Chicago huenda huo ni mlango mzuri. Kwetu unafunga mlango mwingine, kwa kuwa mashujaa wa aina hiyo hupigwa ili wainuke wakiwa wakali zaidi, wakati Mwindo hupigwa ili tumwone.

Napendekeza toleo la Kiswahili lianzie na ua wa Muisa, lichapishwe peke yake kama kijitabu, kabla ya kufikiria utendi mzima. Masimulizi yawe katika Kiswahili sanifu. Mazungumzo ya Mwindo, Muisa na Kahindo yawe katika Kiswahili cha Bukavu kama kinavyosemwa sokoni Kadutu, kwa sababu adabu yenye sumu ya majibu yale hupotea katika lugha ya hotuba. Majina ya Kinyanga yabaki yalivyo. Mkojo ubaki. Majigambo yasikatwe, hata yakirudiwa, maana anguko linapimwa kwa urefu wake. Na kabla ya kwenda kwa mchapishaji, kijitabu kisomwe kwa sauti huko Walikale, mbele ya wazee wanaomjua Mwindo kwa Kinyanga. Wakikaa kimya pale tulipotarajia wacheke, tafsiri irudiwe.

Nakubali kwamba nimejenga hoja hii juu ya msimulizi mmoja, na kwamba masimulizi ya kitabu cha 1978 hayafuati yote mkondo wa Rureke. Huenda Mubila, shujaa wa Balega, jirani zetu wa Mwenga na Shabunda, akahitaji mwongozo mwingine kabisa. Kwa Mwindo wa Rureke, hata hivyo, toleo lolote litakaloruka ua wa Muisa lisichapishwe kwa jina lake.